Mtoto wa Jaji

Hana, Maui
Juni 1874

Dada yangu Kamaile,

Aloha nyingi kwako na kwa shemeji. Je, goti lako limepoa? Sisi huku hatujambo, magimbi yamestawi, na mvua imetuganda. Mwili wangu mzima, ila moyo una donda, nawe ndiye wa kuambiwa.

Ni huyu mdogo wetu, Iosepa. Mimi ndiye niliyemfuta kamasi, lakini Bibi alimchagua yeye kwenda shule ya misheni, mimi nikabaki kuponda magimbi. Akaanza ukarani, akawa mkalimani, na sasa ni jaji wa wilaya, koti jeusi na viatu hata jua likiwaka. Nikienda kanisani watu husema, huyo dada wa jaji. Jina langu wamelisahau. Nina wivu, dada, sifichi.

Tena nilimpa Kealohi wangu. Mkewe hakujaliwa kuzaa, akaja kuomba, na ndugu akiomba mtoto hanyimwi. Nikatamka kama wazee: mchukue, yeye na utumbo wake na vilivyomo. Ukishasema hivyo basi, hudai tena. Tangu hapo binti yangu huniita shangazi, nami naitika.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kipahulu alimshtaki jamaa yake, anataka mwanawe. Naye alikuwa ametamka maneno hayo hayo. Iosepa akasema maneno ya wazee anayaheshimu, lakini sheria ya Mfalme inataka karatasi yenye saini, na karatasi haipo, kwa hiyo mtoto arudi kwa mama yake. Watu wakaanza kunong'ona: makubwa haya, na yule wa kwake je, ana karatasi? Hana. Jaji mzima, kawaandikia watu wote karatasi zao, ya kwake hakuiwazia, kwa kuwa mtoaji ni dada yake.

Sikumdai, Mungu ni shahidi. Nilikuwa bado najipanga, Jumapili akaja mwenyewe, Kealohi mbele yake juu ya farasi, mkeka umekunjwa. Akasema hawezi kumpa mgeni haki akamnyima dada yake. Akanibusu, akageuza farasi. Sasa Hana nzima inamsifu. Mtoto nimepata mimi, sifa kachukua yeye. Hata katika kushindwa kanishinda.

Na mtoto mwenyewe akawa hali chakula. Poi ya magimbi naiponda laini, anaitazama tu. Kila siku anauliza baba atakuja lini kumuaga, maana Iosepa ameitwa mahakama ya huko kwenu Honolulu.

Sasa nikuambie lililobaki, na usinihukumu, jaji mmoja katika familia anatosha. Nilimwambia Kealohi kwamba baba yake amekwisha safiri, hakutaka kuaga. Alilia mpaka akachoka, kisha akala. Meli ni kesho. Iosepa naye nimemwambia mtoto amekataa kuja gatini. Alikaa chini palepale njiani, na koti lake jeusi, kwenye tope. Nilifurahi, dada. Nilifurahi sana.

Atafikia kwako. Akikuuliza nimeandika nini, mwambie ni salamu tu. Barua hii nampa yeye aibebe. Usiwe na wasiwasi, barua ya mtu hafungui.

Nisalimie wanao, mmoja mmoja kwa jina.

Ni mimi mdogo wako,
Lukia