Siku ya Somo la Sauti

9 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia hivi kukuandikia. Barua yako imekaa juu ya kabati mpaka imeshika vumbi, na kila nikiipita naona kama inanitazama. Si kiburi, Mama, ni uchovu. Natumai kifua kimetulia na umeacha kubeba ndoo mwenyewe. Huku tunaendelea. Mkweo Baba Mzee bado analinda usiku. Akiingia mimi natoka, tunapishana mlangoni kama wapangaji wasiojuana.

Ningekupigia simu, lakini hili ningeanza kulia kabla sijalifikisha, nawe ungelia, na tusingeelewana. Kwenye karatasi angalau naweza kusimama, nikaendelea.

Dada wa kazi ametuacha, kapata kibarua kiwandani. Mwalimu mkuu ameniruhusu kuja na Mzee darasani mpaka nipate mwingine, kwa sharti asisumbue vipindi. Sharti jepesi mno kwa mjukuu wako. Unajua kwa nini tulimwita Mzee: akilala amelala, akiamka anakaa na kutazama watu kama anayesubiri pensheni yake. Namweka kwenye beseni kubwa lenye mto karibu na meza yangu, na wanafunzi wanasema darasa letu lina mkaguzi wa kudumu.

Juzi darasa la nne walikuwa na sayansi, mada ya sauti. Shule haina vifaa, kwa hiyo nilibuni kama kawaida. Tuliweka rula ukingoni mwa meza tukaichapa itetemeke. Kisha nikachukua kopo la maziwa, nikalivika mpira wa puto mdomoni, nikaweka punje za mchele juu yake. Ukigonga sufuria karibu, mchele unaruka bila kuguswa. Walifurahi sana, kila mmoja anataka kugonga. Nikawaambia sauti ni mtetemo, unapita hewani, unaingia sikioni.

Kuna msichana mmoja wa dawati la mbele tunamwita Mbona, kwa sababu sentensi zake zote zinaanzia hapo. Akasimama. "Mbona mchele umeruka na Mzee hajaruka?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Nikasema, "Mzee amezoea kelele zenu."

"Mbona hata mimi nimezizoea na nimeshtuka?" Halafu akasema, "Turudie, Mwalimu. Si ulisema jaribio moja si jaribio?"

Hayo ni maneno yangu, Mama. Nayasema kila wiki. Nikawaruhusu. Wakagonga sufuria nyuma ya beseni. Mzee alikuwa usingizini, hata kope haikutikisika. Wakapasua puto. Mwalimu wa darasa la jirani akaja dirishani kuuliza nani ameanguka. Mzee alilala tu, mate yanamtoka.

Wanafunzi wakarudi madawatini mmoja mmoja bila kuambiwa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nianze kufundisha. Mbona akakaa. Kisha akasema polepole, "Pole, Mwalimu." Nikawapa zoezi la kunakili, nikageukia ubao, nikaandika tarehe iliyokuwa imeshaandikwa.

Tangu hapo nimemwita nikiwa nyuma yake kwa jina lake, kwa jina lako, kwa jina la baba yake. Hageuki. Baba yake anasema mtoto wa mlinzi lazima ajue kulala popote. Anasema hivyo, lakini nimemwona akipiga makofi nyuma ya mlango akidhani simwoni.

Kabla ya ile homa iliyomlaza hospitali huko kwako, alikuwa akikusikia unaimba anarusha miguu. Baada ya homa, ulimwona akifanya hivyo? Niambie ni uchovu wangu. Lakini kama si uchovu, niambie pia.

Mwanao,
Mama Mzee


20 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Kifua ni kile kile na ndoo nabeba, unadhani atanibebea nani? Barua yako nimeanza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Sasa nisikilize. Wenzako wanalilia mtoto mtulivu, wewe umempata unamtafutia ugonjwa. Wewe mwenyewe ulichelewa kusema mpaka shangazi yako akatutangazia kwamba umemeza ulimi. Leo nani anaweza kukunyamazisha? Mtoto ametoka kwenye homa kali, amechoka, masikio yake yamechoka pia. Yatarudi.

Na tangu lini watoto wa darasa la nne wakawa madaktari? Huyo Mbona wako mpe kazi nyingi za nyumbani, atapunguza maswali.

Nakutumia kengele ya baiskeli ya marehemu baba yako. Ile ilikuwa ikigongwa kule njia panda, mimi naanza kupakua chakula. Mpigie mjukuu wangu. Akigeuka, uniombe radhi kwa kunikosesha usingizi.

Ila usimwambie mtu. Neno likishatoka halirudi kinywani.

Mama yako


6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa umekaa tayari.

Kengele ilifika. Nilimpigia Mzee jioni ile ile, akiwa amekaa mkekani, mimi nyuma yake kidogo. Akageuka. Nikapiga upande wa pili, akageuka tena, akacheka. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu kama mwenye pepo, nikaanza hata kutunga barua ya kukuomba radhi.

Kesho yake nikaenda nayo darasani. Sitakuficha, nilitaka Mbona aone. Nikapiga, Mzee akageuka, darasa likapiga makofi na kugonga madawati. Mbona peke yake hakupiga.

"Mbona mkono wako umepita kando ya jicho lake?" akauliza. "Na kivuli chako kiko pale ukutani, Mwalimu."

"Unatakaje?" nikamwambia, na sikumwambia kwa upole.

"Tuweke shuka katikati."

Wanafunzi wawili wakashika shuka la Mzee kama pazia. Nikapiga kengele nyuma ya shuka. Mzee alikuwa anatafuna rula, akaendelea kutafuna. Nikapiga mpaka kidole kikaniuma. Wakaondoa shuka. Mbona akasema, "Sasa punga mkono tu, kengele iache mezani."

Nikapunga mkono mtupu. Mzee akageuka, akanichekea na meno yake yote manne.

Mimi ndiye niliyewafundisha, Mama. Badilisha kitu kimoja tu, vingine viache vilivyo, ndipo utajua kipi kimefanya kazi. Niliandika ubaoni, wakanakili, nikasahihisha kwa kalamu nyekundu. Sikujua nawanolea kisu cha kunikata mwenyewe.

Nikaomba ruhusa, tukampeleka hospitali ya rufaa. Mpimaji wa masikio alimbandikia nyaya kichwani akiwa amelala, mashine ikachora mistari. Nilimwomba anioneshe mistari ya mtoto anayesikia, akanionesha. Ina vilima. Ya Mzee imelala kama barabara. Masikio yote mawili. Si kwamba anasikia kidogo, Mama. Hasikii. Daktari anasema huenda ni ile homa.

Baba yake alikuwa ametoka lindo moja kwa moja, bado na sare. Alikaa kwenye benchi la ukumbini akiwa ameshika kofia yake. Alichosema ni kimoja tu: "Sasa nimekuwa nikimwimbia nani miezi yote hii?"

Sijui niandike nini zaidi. Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao,
Mama Mzee


14 Juni

Binti yangu,

Usiniulize nilikuwa wapi. Nilikuwa hapa hapa. Kalamu nimeishika na kuiweka mara nyingi mpaka wino ukakauka, nikaazima hii kwa jirani. Simu zako niliziona. Sikuwa na sauti ya kupokelea.

Bado sijaamini. Nikiangusha kifuniko cha sufuria nasimama jikoni nafikiri, hiki mjukuu wangu hakisikii. Jogoo akiwika, hamsikii. Jina lake la kuzaliwa, nililolichagua mwenyewe nikambana mume wako mpaka akakubali, na lenyewe halisikii. Watu wakiniuliza mjukuu hajambo, nasema hajambo, amekua, halafu nabadilisha maneno.

Ni chini ya paa langu ile homa ilimpata. Wewe huliandiki hilo, lakini mimi najua kusoma.

Nimefikiri hivi. Mlete kwangu. Chumba cha nyuma kina nafasi na uani kuna ukuta. Nitamlisha, nitamwogesha, na hakuna atakayemcheka kwa sababu hakuna atakayemwona. Wewe bado kijana. Una kazi yako, utazaa mwingine. Hii dunia haina huruma na mtu kama huyo, mimi nimeiona.

Nimesema kwa mapenzi. Usinijibu kwa hasira.

Mama yako


23 Juni

Mama yangu,

Shikamoo tena, kwa mikono miwili. Nashukuru Mungu umeandika, nilikuwa nimeanza kuwaza mabaya. Sikujibu siku ile ile ili hasira ipite. Imepita, au karibu.

Nimeusoma mstari wa chumba cha nyuma mara nyingi nikitumaini nimesoma vibaya. Simleti, Mama. Umenizaa, nakuheshimu, na bado simleti. Mwingine nikimzaa atakuwa mwingine. Huyu ni Mzee. Na kuhusu paa lako, homa haina mwenye nyumba. Wewe ndiwe uliyembeba usiku ule mpaka hospitali, pekupeku. Kama si wewe tungekuwa tunaandikiana barua za aina nyingine. Tusilirudie hilo.

Kuna shule hapa mjini yenye darasa la watoto viziwi, na Jumamosi wazazi tunafundishwa lugha ya ishara. Mwalimu wetu mwenyewe ni kiziwi. Ni mkali kweli. Wiki ya kwanza alinipiga kofi dogo mkononi kwa sababu nilikuwa naongea kwa mdomo huku mikono imelala. Baba yake anasinzia darasani, lakini vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu. Na Jumanne, Mama, Mzee aliniangalia, akanyoosha mkono, akafumba na kufumbua ngumi kama anayekamua. Maziwa. Ameomba maziwa. Kikombe kilinitoka mkononi kikavunjika, naye hakushtuka, alikuwa anasubiri maziwa yake.

Darasa la nne tumemaliza mada ya sauti, ila wao hawajaimaliza. Wakitaka kumwita Mzee wanakanyaga sakafu kwa pamoja, na kweli anageuka, maana mbao zinatetemeka. Wakimpa puto alikumbatie huku wao wanagonga sufuria, anacheka kwa sauti mpaka mwalimu wa jirani anakuja dirishani. Kwenye mtihani niliuliza mtetemo tunaupokea kwa kiungo gani. Mbona ameandika: "Sikio. Mzee tumbo." Nimempa alama zote. Mkaguzi akija atanikuta.

Ukitaka kuja likizo, njoo. Utafundishwa na watoto wa darasa la nne, na uwaandalie majibu.

Sasa vitu ninavyohitaji unitumie, usipunguze wala usiongeze. Karatasi ya kuruhusiwa ya hospitali ya huko, ile ya homa, pamoja na kadi yake ya kliniki. Vyote vilibaki kwenye droo yako, na daktari anataka kuona majina ya dawa alizopewa. Maputo makubwa yasiyo na michoro, pakiti mbili, moja ya shule na moja ya nyumbani. Tochi ndogo ya kumwitia akiwa mbali nami, betri nitanunua huku. Soksi, maana anazivua na kuzitupa nje, za mguu wa mwaka na nusu. Na picha yako. Kwenye darasa letu la Jumamosi kila mtu anapewa ishara ya jina lake kutokana na kitu kinachoonekana kwake, nami nimewaambia kuhusu mwanya wako, lakini mwalimu anasema hampi mtu jina bila kumwona. Usitume ile ya harusi uliyokunja uso. Mwite mpiga picha, usimame mbele ya nyumba, upande wa barabarani, mchana, ucheke, na mkononi ushike hii picha ya Mzee niliyoitia humu ndani. Mpiga picha akiuliza huyo ni nani, umjibu.

Mwanao,
Mama Mzee