Kiti cha Banjo

Alhamisi, 2 Februari 1978

Nimegombana tena. Na safari hii haki ilikuwa yangu — jambo ambalo halikunisaidia chochote.

Ghorofani pa baa ile ya Stratford, kama kila Alhamisi jioni. Viti vimepangwa duara: magita, mandolini, fidla, besi moja kubwa kama kabati, na banjo mbili, ya Tom na yangu. Mimi peke yangu nakunywa maji ya machungwa. Mimi peke yangu, vilevile, ambaye jina langu hukatwa. Wananiita Abdul. Nimekwisha kuwaeleza kwamba Abdul peke yake si jina, ni nusu ya maneno: mja wa — wa nani? Abdulwakil! Wanatikisa vichwa kwa adabu, kisha wananiita Abdul.

Muziki wenyewe, bluegrass, ni wa wakulima wa milimani huko Amerika. Hapa unapigwa na mwalimu wa hesabu, muuguzi na fundi wa lifti, na una sheria nyingi kuliko mahakama. Mtu akiimba, ala zote hushuka sauti. Ubeti ukiisha, Douglas — ndiye mwalimu wa hesabu, ndiye mkuu wa duara — humtikisia mmoja kichwa. Huyo ndiye mwenye zamu. Hupiga mzunguko mmoja, watu wakamsikiliza, kisha hurudi chini. Douglas akiinua mguu, wimbo umekwisha.

Mimi banjo nilifundishwa na marehemu baba, Mombasa, tulikokimbilia baada ya Mapinduzi ya Unguja. Alikuwa akipiga taarabu maharusini. Na katika taarabu mwimbaji haachwi pekee: akivuta pumzi tu, banjo inamjibu. Kumwacha bila jibu ni kumvunjia heshima. Hapa nimejifunza kucha zao za chuma vidoleni, nimejifunza nyuzi zao tano. Hilo la kunyamaza ndilo lisiloingia.

Leo Jane aliimba, nami nikamjibu. Jane ndiye muuguzi. Anapiga fidla, na ndiye aliyenileta hapa mwaka jana. Douglas akausimamisha wimbo. Kuusimamisha! Akasema, kwa upole ule wa Kiingereza unaouma kuliko kofi, kwamba anayeimba ni Jane. Nikamwambia banjo ni ala ya Kiafrika, ilivuka bahari na watu waliofungwa minyororo, nimesoma, naweza kumletea kitabu. Kwa hiyo nitaipiga nijuavyo. Akauliza, je, ni babu yangu aliyeivusha? Watu wakacheka. Nikamuuliza: na wako wewe, alizaliwa Kentucky kwa wakulima hao, au hapa jirani Ilford?

Hakucheka mtu.

Ijumaa, 3 Februari

Ghalani. Masanduku ya viatu tangu asubuhi. Msimamizi anajua nina shahada ya falsafa. Huniita Profesa, kisha hunipa ufagio. Ofisi nilizoomba kazi hazijibu tena hata kwa kukataa.

Shangazi Ruzuna amepigiwa simu na mwanawe, Matar, kutoka Maskati. Nyumba iko tayari, aje. Na mimi nije. Ataondoka mwisho wa Machi. Ndiye aliyenilea tangu baba afariki, na vyumba hivi viwili tunaishi pamoja. Akienda, London sina mtu.

"Nawe utafuata," alisema, si kama swali.

Nilimpa jibu lisilokuwa jibu. Najua maisha yanayonisubiri kule: kigoda katika duka la Matar, na kila mgeni kuambiwa, huyu jamaa yetu, msomi. Hapa si kitu — nakiri, si kitu kabisa. Lakini Alhamisi, kwa mzunguko mmoja, ni mtu.

Alhamisi, 9 Februari

Nimerukwa.

Naliandika neno hili na mkono hautaki. Wimbo wa kwanza: Douglas akamtikisia kichwa Jane, kisha mandolini, kisha Tom, kisha mzee aliye kuliani kwangu. Nikajiweka tayari. Macho yake yakapita juu yangu kama mtu apitavyo dirisha la duka lililofungwa, yakatua kushotoni kwangu. Nikadhani kasahau. Wimbo wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo! Nimekaa jioni nzima nimepakata banjo kama niliyeachiwa mtoto na mtu asiyerudi.

Hakuna aliyenitukana. Ndiyo ubaya wake. Mtu akikutukana unamjibu. Mimi kujibu najua. Asiyekuona unamjibu nini?

Ngazini Jane alinishika mkono wa koti, akasema nimwombe radhi Douglas. Nikamuuliza, kwa kosa gani la kihistoria? Akaniambia: "Oh, for God's sake, Abdul." Akaenda zake kituoni bila kunisubiri.

Jumapili, 12 Februari

Sikutoka. Theluji chafu. Nimesoma kurasa za mwanafalsafa mmoja Mjerumani juu ya uhuru wa nafsi, nikaona hajawahi kukaa katika duara akarukwa.

Shangazi alileta chai, akaketi kitandani. Akauliza banjo imekufa? Nikasema imepumzika. Akasema baba yako naye alikuwa hivi, akikorofishana na wenziwe hugeuka ukuta. "Lakini yeye alikuwa akigombana juu ya kitu. Nyie wasomi mnagombana juu ya nani alisema mwanzo."

Nikainywa chai yake ingali moto, ikaniunguza ulimi. Bila hiyo ningelia.

Alhamisi, 16 Februari

Sikuenda.

Ijumaa, 17 Februari

Naona nimeandika mstari mmoja jana. Ulikuwa uongo wa heshima. Nilikwenda. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha simu, nikisikiliza dirisha lile la juu. Walikuwa wakicheka. Walipoanza, niliitambua fidla ya Jane, na vidole vyangu vikawa vinapiga mfukoni. Mama mmoja akagonga kioo akitaka simu. Nikajifanya nazungumza.

Hali imefika hapo. Mtu mwenye shahada anajadiliana na simu isiyo na mtu.

Alhamisi, 23 Februari

Nimekwenda, na sikukaa duarani. Nyuma ya duara kuna safu ya pili, ya wanaojifunza: hupiga kimyakimya, hawapewi zamu. Nikavuta kiti huko, kati ya mzee anayeanza gita na msichana asiyeweza kutia sauti nyuzi zake. Hakuna aliyeniagiza. Uso ulikuwa ukiniwaka hadi masikioni.

Douglas aliniona. Alingoja hadi mapumziko. Kisha akaja, akachuchumaa — mtu wa umri wake! — akanipa habari: Tom amepata kazi Bristol, anahama. Bendi yao ya watu wanne, yeye, Jane, mpiga besi na Tom, ile inayopanda majukwaani, sasa haina banjo. Wana onyesho Jumamosi ya tarehe 11 Machi, ukumbi wa kanisa, hapa hapa Stratford. Nikilipiga vizuri, kiti ni changu, pamoja na safari zote za kiangazi.

Nilikuwa nimekwisha kuinuka nusu. Akaniwekea mkono begani. Masharti mawili. Jane akiimba, mimi nishuke sauti, na nibaki chini. Na hakuna hotuba kati ya nyimbo.

Nikasema: "Hata fupi?"

Akasema: "Hasa fupi."

Nikacheka! Mimi! Nimerudi kwa miguu njia nzima, nikisahau kwamba kuna basi. Kiti. Nikikipata, nabaki, na nitakuwa na la kumwambia shangazi. Nikikikosa, sioni hoja yoyote ya kukaa katika mji huu, na mimi hoja sijapungukiwa maishani.

Jumanne, 7 Machi

Mazoezi. Nimetia kitambaa ndani ya banjo isisikike, na bado Bwana Tarsem, mwenye nyumba, akaja kugonga mlango. Ni Kalasinga wa Kisumu. Tangu ahamie hapa Kiswahili chake kimebaki kama alivyokipakia.

"Wewe Wakili! Sasa saa ngapi wewe nashindilia hiyo debe? Mke yangu nasema heri ile paka yetu ya zamani, nalia usiku yote."

Nikamwambia ni sanaa. Akasema sawa, sanaa, lakini sanaa iende bafuni. Nimepiga bafuni.

Najizoeza kunyamaza. Naweka kanda ya Jane, anaimba, na mimi nakatakata chini, tak, tak, tak, kama mtu anayekata vitunguu msibani. Kila anapovuta pumzi mkono wangu unataka kuruka. Nauzuia. Mara tisa katika kumi nauzuia. Ile ya kumi inaninyima usingizi.

Halafu hili: shangazi amesimama mlangoni mwa bafu, amejifunga kanga, akasema Jumamosi anakuja. Nikashtuka. Nikamwambia ni nyimbo za Kiingereza, hataelewa, viti ni vigumu, mguu wake. Akasema: "Nataka kukisikia hicho kinachokuzuia kwenda Maskati. Nikikipenda nitakuacha kwa radhi. Nisipokipenda utafunga mizigo yako, baba, na hatutabishana."

Hajawahi kuahidi kutobishana. Wala mimi.

Jumamosi, 11 Machi

Asubuhi. Nimeamka nimekaza taya. Nimenyoa mara mbili. Shangazi anapiga pasi buibui na kuimba puani. Anatia udi nguo zake kama anayekwenda harusini.

Jumamosi, mapumziko ya onyesho

Naandika kwenye ngazi za kando ya jukwaa, kwa penseli. Nisipoandika nitamtukana mtu.

Mambo yalikwenda vizuri mno! Ukumbi umejaa, na Tom mwenyewe kaja kutoka Bristol kutuaga, yuko safu ya tatu. Shangazi safu ya tano, mkoba mapajani. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu: nilipewa zamu, nikapiga, makofi, nikashuka, nikabaki chini. Douglas alinitabasamia. Nikawaza: kiti ni changu.

Kisha Jane akaimba ule wimbo wa polepole wa binti aliyechelewa kurudi kwao akakuta jiko la mama yake limepoa. Aliweka fidla chini, akaimba amefumba macho. Ukumbi kimya. Mimi tak, tak, tak.

Nikasikia kiti kinasogea.

Kabla sijainua kichwa nilijua. Shangazi amesimama. Buibui kaliachia mabegani, mikono juu, noti ya pauni kati ya vidole viwili, anakuja katikati ya ukumbi kwa ile hatua ya madaha, nyonga kidogo, bega kidogo, polepole, akiufuata wimbo — anakuja kumtunza mwimbaji! Kama kwetu. Kama kwa mwimbaji yeyote aliyekugusa. Waingereza wakageuza shingo. Mmoja akacheka, akakatizwa. Mguu ule mbaya ukapanda vidaraja vitatu vya jukwaa. Akamzunguka Jane mara moja, akamchomekea noti kwenye ukosi wa blauzi, akampapasa shavu.

Jane akafumbua macho. Sauti ikakatika katikati ya mstari.

Pengo. Gita la Douglas linazunguka tupu, besi inazunguka tupu, na mwimbaji amesimama mdomo wazi. Naapa sikuamua. Mkono wangu ulimjibu. Si kwa mtindo wao. Ulikuwa mkono wa baba, mtetemo ule mrefu juu ya uzi mmoja, kisha kuteremka. Shangazi akageuka, akaniona kama ndiyo kwanza ananiona, akapiga kigelegele kilichofika darini.

Jane akaupata mstari wake. Akaumaliza wimbo, sauti imepasuka, na mimi nikamjibu hadi mwisho. Hadi mwisho! Sharti la kwanza nimelivunja mbele ya watu wote. Halafu makofi — sijui ya namna gani. Ya adabu? Ya kweli? Mimi ninayejua tofauti ya kila kitu, hili sikulijua.

Douglas kanifuata hapa ngazini. Hakupandisha sauti. Jane kajifungia chooni analia. Je, najua kwamba mama yake alizikwa Oktoba iliyopita? Sikujua. Mwaka mzima nimekaa naye katika duara moja, nikizungumza, na sikujua. Nikaanza kumweleza kwamba kwetu ile ni heshima, ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Akanikatiza: huenda, lakini wale hawakuja kutazama kwenu. Nimwambie shangazi akae nyuma, asiinuke tena. Na mimi nishuke sauti Jane akiimba. La sivyo, Tom ana banjo yake garini, atamaliza kipindi cha pili. Nichague.

Nimekwenda kumwambia shangazi. Nilikuwa na sentensi tayari, fupi, ya heshima. Akanishika mkono kabla sijafungua kinywa.

"Yule mtoto kafiwa na nani?"

Hajui Kiingereza zaidi ya bei za sokoni.

"Na mama yake, shangazi."

"Nilijua." Akafuta jicho kwa ncha ya kanga. "Na wewe leo ndiyo umepiga. Siku zote ulikuwa unagonga tu. Leo nimemsikia ndugu yangu. Basi, kaa na banjo yako, mwanangu. Matar nitamweleza mimi."

Sikumwambia. Nilisema nitarudi. Ndiyo hotuba pekee niliyoitoa leo.

Ametoka Jane. Macho mekundu. Noti bado iko ukosini — kaisahau, au kaiacha? Hakunitazama. Nataka kumuuliza na sijui kuuliza kwa namna isiyokuwa hoja. Douglas anaonyesha saa yake. Tom amerudi kutoka garini na sanduku la banjo yake, analifungua taratibu, kwa aibu, kama mtu anayevua viatu nyumbani kwa mwenzake.

Wimbo wa kwanza wa kipindi cha pili ni wa Jane tena.

Taa zinashuka. Douglas ananitazama, anasubiri nitikise kichwa: ndiyo, nitashuka sauti, au hapana, nimpishe Tom. Nikichungulia ukumbini naona shangazi amehama safu ya tano. Mtu kampisha kiti mbele kabisa, karibu na vidaraja. Amejiweka sawa. Anafungua mkoba wake, anatoa noti nyingine.