Nililala Kabla Wimbo Haujaisha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Goti linasemaje? Mdogo wangu aliniambia umeanza tena kupanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi. Halafu akaniambia ulipanda ili ukatundike pazia mwenyewe, nikakasirika. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na sasa hacheki mbele ya wageni, ila kula anakula kama kawaida. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unanisumbua jioni kwa kuinamia meza ya kukatia vitambaa.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimeishika mara nyingi nikairudisha mezani. Kwenye simu una tabia ya kuniuliza kama nimekula, na nikisema ndiyo unaniaga. Tena simu hukatwa. Barua ukikasirika utaitupa huko, lakini kesho utaikuta pale pale, nami nakujua, huwezi kuvumilia karatasi uliyoisoma nusu. Kwa hiyo nimekaa, nimevua viatu, nakuandikia jambo nililokuficha muda mrefu. Mama, najifunza kupiga gita. Mwisho wa mwezi ujao nitapiga mbele ya watu, kwenye ukumbi, siku ya wafanyakazi wa karakana yetu na familia zao. Nataka uje. Na naogopa kwamba magita yakianza utainuka uondoke.

Hofu hiyo sikuizua. Unaikumbuka redio yetu, ile yenye kitufe cha sauti kilichovunjika, ukawa unakizungusha kwa koleo? Mwimbaji akianza, ulikuwa unaimba naye huku unafua, tena kwa sauti nzuri. Akinyamaza tu, magita yakaanza kujibizana, ulifuta povu mikononi, ukaenda moja kwa moja, ukazima. Baba alikuwa anaguna tu. Sisi watoto hatukuuliza, maana ulikuwa na uso fulani ambao tulijua hauulizwi. Matokeo yake nimekua nikiamini kwamba kila wimbo duniani huisha pale mwimbaji anapofunga mdomo. Siku zangu za kwanza karakana, ambako redio haizimwi, nilisimama na mkasi mkononi nikauliza mbona wimbo huu hauishi. Walinicheka hadi saa ya kutoka, na mpaka leo nikichelewa kumaliza kazi wananiambia wimbo wangu hauishi.

Waliocheka kuliko wote ndio leo wenzangu wa gita. Mmoja ni karani wa stoo, mwanamke wa taratibu, ambaye hata kifungo kimoja hakimtoki bila saini. Yeye ndiye mwenye kitabu. Alikinunua kwa muuza vitabu vikuukuu, hakina jalada, nacho kinafundisha gita la jazi hatua kwa hatua, hasa namna ya kubuni noti zako papo hapo. Kimeandikwa kwa lugha ya kigeni, naye ndiye anayetufasiria. Mwingine ni mpiga pasi, mwenye mdomo usio na breki. Gita ni lake, aliachiwa na mchumba aliyemtoroka, na huwa anasema hiyo ndiyo mahari pekee aliyowahi kuiona kwa macho. Tunafanyia mazoezi stoo wakati wa mapumziko ya mchana, kwa sababu majora ya kitambaa yamepangwa mpaka darini na yanameza sauti. Tunakaa juu ya majora ya sare za shule, kwani ndiyo magumu. Siku moja msimamizi alitusikia tukibishana juu ya kodi, yaani zile noti kadhaa zinazobanwa na kupigwa pamoja, akadhani wenye nyumba wametupandishia. Akatupa pole.

Jazi yenyewe, kama tulivyoelewa, ni kama mazungumzo ya barazani. Mnaanza wote pamoja na wimbo wenyewe, halafu kila mtu anapewa zamu aseme la kwake juu ya kodi zile zile, kisha mnarudi pamoja na kumaliza. Kitabuni kuna mfano, ukurasa mzima wa noti alizobuni mtu mmoja. Karani akaamuru tuukariri. Tukaukariri Mama, mpaka nikawa naupiga usingizini, tukajiona tumehitimu. Basi ikatokea siku fundi wa cherehani, ambaye jioni hupiga besi kwenye bendi fulani, akaingia stoo kutafuta mafuta. Akamsikiliza mpiga pasi, akasema safi, sasa na wengine wabuni. Karani akapiga kitu kile kile. Nami nikapiga kile kile, noti kwa noti, tena kwa madaha, kwa sababu sikukosea hata moja. Fundi alicheka mpaka akakalia jora la satini, ambalo haliruhusiwi kukaliwa. Akatuambia yale yalikuwa maneno ya mtu mwingine, aliyoyasema siku yake. Karani alinuna wiki nzima. Alisema kama kitabu hakikutaka tuyakariri, kisingeyaandika.

Tulianza upya. Mpiga pasi alishika haraka, maana kusema bila kufikiri ndiyo kazi yake. Karani naye, polepole, akaanza kutoa noti bila saini. Mimi nilibaki nyuma. Kazi yangu unaijua, kitambaa kikishakatwa kimekatwa, kwa hiyo nimezoea kupima, kupima tena, ndipo niguse mkasi. Zamu yangu ikifika napima noti, naitafuta ya pili, na kabla sijaitoa hata moja zamu imeshapita. Nilitaka kuacha. Nilijiambia labda ni wewe, labda chuki yako na gita nimeinyonya kwenye maziwa.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika, maana nimezunguka sana na wewe hupendi.

Gita ni moja na sisi ni watatu. Mmoja akipiga, wawili hawana kitu. Mpiga pasi akabuni njia: wanaosubiri wakae pamoja, mmoja atoe mkono wake uwe shingo ya gita, mwenzake abane kodi juu yake, kidole gumba chini, vidole vinne juu. Nikatoa mkono wangu wa kushoto. Tulikuwa tumefika mahali ambapo kitabu kinafundisha kodi tatu zinazopenda kufuatana, ya kwanza inaondoka nyumbani, ya pili inaning'inia, ya tatu inarudi. Mpiga pasi akabana ya kwanza, akabana ya pili, akabana ya tatu, akarudia. Mama, nililala. Mchana kweupe, juu ya majora, na udenda ukanitoka. Waliniamsha kwa kelele. Kesho yake akabana tena, nikalala tena. Ikawa mchezo wa karakana nzima, wanakuja washonaji kutazama mkata vitambaa akizimwa kwa kodi tatu.

Siku nyingine nikaapa silali. Nikakaza macho, nikamwambia bana. Safari ile sikulala, nililia. Nilisikia harufu ya sabuni ya kipande kwenye mikono yako. Nilijiona kwenye kile kitanda cha kona, wewe umelala nyuma yangu, mkono wako wa kushoto umeshika mkono wangu juu kidogo ya kiwiko, gumba chini, vidole juu, vinatembea. Vinabana, vinaachia, vinateleza kuelekea kwenye kifundo, vinabana tena. Kila usiku. Nilidhani ndivyo mama wote wanavyolaza watoto.

Sikumwambia mtu. Nilingoja mdogo wangu alipokuja kunitembelea, nikamwomba mkono. Akauliza kama nimeanza uganga. Nikabana zile tatu, na nyingine zilizofuata ambazo hazimo kitabuni, ambazo ngozi yangu ilikuwa inazijua bila mimi kujua. Unajua lile dume lako lenye ndevu, linalowatisha watoto wa mtaa kwa sauti. Lilifumba macho. Halafu likasema neno moja tu, likasema Mama.

Hapo nikaenda kwa mama mdogo. Naomba usimgombeze, nilimbana mimi. Kwanza alisema nikuulize mwenyewe. Halafu akainuka akafunga mlango, ingawa tulikuwa peke yetu, akaniambia yote. Kwamba kabla sijazaliwa ulikuwa mpiga gita wa bendi ya dansi. Kwamba mwimbaji alipokuwa anamaliza, watu waliacha kucheza wakasogea mbele kutazama vidole vyako, na hukuwahi kupiga jambo moja namna moja siku mbili. Kwamba tumbo lako lilipokua nami ndani, gita likakosa mahali pa kukaa. Kiongozi wa bendi akakuambia upumzike, nafasi yako itakungoja. Uliporudi nami mgongoni ulikuta mtu mwingine amekaa kwenye kiti chako, ameshika gita ulilokuwa unapiga, maana lilikuwa mali ya bendi, na anapiga yale uliyoyabuni wewe, amekariri noti kwa noti. Hayo ndiyo yaliyorekodiwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakitoka kwenye redio yetu, na wewe umesimama na povu mikononi.

Nilimlilia mama mdogo mpaka nikamlowesha bega. Nilimwambia basi mimi ndiye niliyekunyang'anya. Akanikaripia, akasema niache ujinga, mtoto hakai tumboni kwa kupenda. Lakini Mama, nimelibeba jambo hili siku zote hizi, na linaniuma. Inaniuma zaidi kwamba tulikuona ukizima ile redio miaka yote, tukadhani una roho ngumu. Kumbe uliyazima mchana, usiku ukatupigia wewe mwenyewe kwenye mikono yetu, bila sauti, na hatukujua tunasikiliza nini.

Tangu siku ile napiga. Sijui nikueleze vipi. Zamu yangu ikifika sipimi tena, naufuata mkono wangu tu. Karani anasema natoa noti ambazo kitabu hakizitaji, na amenisamehe. Wenzangu wameniomba wimbo wa kumalizia ukumbini uwe wangu, na nilichowaletea ni hicho, wimbo wako wa mkononi. Nimeutafuta kodi moja moja, nikijibana mwenyewe kwenye mkono kila nikiwa kwenye foleni au nikingoja maji yachemke. Sehemu kubwa nimeipata. Unaondoka nyumbani, unarudi, unaondoka tena kwa njia nyingine ndefu zaidi, unazunguka, unapanda karibu na kiwiko, kisha unafika kwenye kodi moja inayoning'inia, ambayo ukiipiga mtu hawezi kukaa kimya, anataka kujua kinachofuata.

Hapo napotea. Nimejaribu kila kodi iliyomo kitabuni, na fundi wa cherehani amejaribu za kwake, nazo zinakubali, lakini mkono wangu unazikataa. Si kwamba nimesahau, Mama. Kila usiku ulipofika hapo nilikuwa nimeshalala. Nimemuuliza mdogo wangu, naye alikuwa akilala hapo hapo. Baba huenda alibaki macho, lakini Baba hayupo. Uliumaliza kila siku na hakuna mtoto wako hata mmoja aliyewahi kuusikia mwisho wake.

Ukija ukumbini halafu ukainuka, nitaumia, sitakudanganya, na sijui kama nitashika tena gita. Ila sitakuuliza kwa nini, sasa najua. Usipokuja kabisa, nitauacha wimbo pale unapoishia kwangu, watu wadhani ndivyo tulivyotaka.

Nisalimie jirani yako wa mlango wa pili na umwambie dawa yake ya macho nimeipata. Msalimie lile dume lenye ndevu. Mjukuu wako anakuamkia, anasema atakuonyesha pengo lake wewe peke yako. Wenzangu wawili wa stoo, ambao hujawaona, nao wanakuamkia, na mpiga pasi anasema ukija usiku wa kwanza hutapata usingizi kwa maswali yake, kwa hiyo nitamfungia mlango.

Barua hii usiijibu kwa karatasi. Njoo mapema, siku chache kabla ya ukumbi. Tutalala kitanda kimoja, nitakupa mkono wangu wa kushoto, na safari hii, Mama, nitajitahidi nisilale.

Ni mimi,
mwanao wa kwanza