Mboga Tele, Damu Kidogo

Jumatatu, 2 Juni

Damu ya Atupele imeshuka tena. Tumetoka kliniki sasa hivi, hata maharage sijayabandika. Nesi kasema siku zake zikifika na damu iko hivi, hazalii hapa Kinyala. Rufaa Mbeya. Na hata huko, akivuja kidogo tu, hana akiba.

Sielewi. Mimba ya kwanza binti huja kujifungulia kwa mama yake, ndiyo maana mumewe alimleta mwezi wa tatu. Alimleta ale. Na anakula. Mchicha wangu unajulikana mpaka Masoko, watu wanakuja kuomba mbegu. Maharage ninayo. Ndizi ninazo. Parachichi zinaanguka zenyewe, nguruwe wanazila. Sasa damu inakwenda wapi.

Jumatano, 4 Juni

Maini leo. Nimeyafuata mwenyewe bucha la mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu. Nikayakaanga na vitunguu. Pembeni majani ya maboga. Juu yake chai nzito, maana baridi ya Juni haina mzaha, ukungu unakaa mpaka saa sita.

Vidonge vya damu alikuwa anavitapika. Nikamfundisha avishushie na chai ya moto yenye tangawizi. Vinatulia. Hiyo ni akili yangu mwenyewe, sikuelekezwa na mtu.

Lakini leo kashindwa kupanda kamlima ka nyumbani bila kukaa chini. Anahema kama bibi kizee. Viganja vyeupe. Naogopa.

Ijumaa, 6 Juni

Mama mkwe wa Atupele kapiga simu kutoka Mbeya. Hakusema wazi, ila nilisikia. Kwamba kule alikuwa na mashavu. Kwamba huenda huku shamba mtoto anashindia ndizi tupu.

Nilimjibu kwa heshima, mkwe ni mkwe. Simu ilipokatika nikalia jikoni. Mimi wa kuambiwa sijui kulisha. Nimelea watoto watano kwa jembe na kikapu cha kuchumia chai, na hakuna aliyekwenda shule na njaa. Hakuna.

Baba Atupele kasema nisijali. Yeye ndiye hajali.

Jumapili, 8 Juni

Kaanguka kanisani. Wimbo wa pili. Akina mama wa kwaya wakampepea kwa khanga, wakasema kateleza. Hakuteleza.

Marehemu dada yangu Tusajigwe alianza hivi hivi. Kizunguzungu, midomo myeupe. Alipojifungua damu ikamwishia. Mtoto akabaki, yeye akaenda. Mama alizika binti, na mimi nilimwona akizika.

Atupele sijamwambia. Nimempa mchicha mara mbili leo. Ningeweza ningekamua damu yangu nimpe kwenye bakuli.

Jumanne, 10 Juni

Haijapanda hata kidogo.

Nilimtajia nesi vyote anavyokula, nahesabu kwa vidole mpaka vidole vikaisha. Akasema ni vizuri. Kisha akauliza anashushia na nini. Nikamwambia chai, nyumba yetu haikosi chai, kashamba tunako wenyewe. Na vidonge je. Nikamweleza ule ufundi wangu, nikingoja sifa.

Akaweka kalamu chini. "Mama, chai inayashika madini ya chuma tumboni, hayaingii kwenye damu. Unampa kwa mkono huu, unamnyang'anya kwa huu."

Nimekasirika. Chai ndiyo iliyomsomesha Atupele. Tunakunywa na chakula tangu tunazaliwa, na bibi yangu aliona vitukuu. Huyu nesi ni mtoto wa juzi.

Jumatano, 11 Juni

Hasira imeisha, imebaki hofu. Nesi alisema na jingine, nikalipuuza jana. Kwamba mtu mwingine anaweza kustahimili, ila mjamzito anagawana damu na mtoto, hana ya kupoteza.

Nimefikiria nikiwa nachuma. Kikombe kila sahani. Asubuhi, mchana, jioni. Na vidonge humo humo. Tangu mwezi wa tatu, na mmiminaji ni mimi.

Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeamua. Wakati wa chakula hakuna chai. Anayeitaka asubiri chakula kishuke kabisa. Vidonge ni kwa maji na chungwa. Machungwa ya Kyela yamejaa sokoni, Mungu kaniona. Nesi kasema uchachu wake unasaidia madini kuingia mwilini. Mchicha nao siuchemshi tena mpaka ulegee halafu maji nimwage. Naukaanga kidogo na nyanya, nakamulia limau. Dagaa nachanganya kwenye maharage.

Atupele kanuna. Kasema kula bila chai ni kama kula umesimama. Baba yake ndiye mbaya zaidi. Nimemfuma kwa jirani, Mama Gwamaka, kakumbatia kikombe kama mwizi.

"Mama Atupele, mimi sina mimba," kaniambia.

Nilicheka. Halafu nikakumbuka kwa nini tunafanya haya, kicheko kikakatika.

Jumanne, 17 Juni

Katapika vidonge tena. Viwili, mbele yangu. Nilitaka kuviokota.

Nimempa kingine baada ya kula ndizi. Kimekaa. Nimekaa naye nikimtazama koo mpaka akaniomba niondoke.

Ee Mungu, lile la mama yangu usilirudie kwangu.

Jumanne, 24 Juni

Imepanda. Kidogo. Nesi kasema nisianze kushangilia, bado iko chini, ila njia ndiyo hii.

Nilitaka kupiga simu Mbeya niringe. Nilishika simu kabisa. Nikaiweka. Ukiringia kidogo, kidogo kinaondoka.

Jumanne, 8 Julai

Imepanda tena. Midomo ina rangi. Kamlima ka nyumbani amekapanda, kapumzika mara moja tu. Rufaa ya Mbeya wamefuta, atajifungulia hospitali ya Tukuyu mjini, lakini zahanati yetu ya Kinyala hapana. Na ndugu wapimwe, wakae tayari kumtolea damu. Baba Atupele kakunja mkono wa shati kabla hajaambiwa. Nilimsema vibaya mwezi uliopita. Anajali. Hajui kusema tu.

Usingizi sina. Kupanda huku kunatosha au hakutoshi, hakuna anayenijibu.

Jumapili, 13 Julai

Uchungu tangu alfajiri. Wamemwingiza ndani, mimi benchi.

Nimesikia mtoto analia. Mama yake simsikii.

Shuka limepita. Jekundu lote. Nesi kapita mbio hajaniangalia. Nimekaa naandika, sina jingine la kufanya. Tusajigwe naye walimpitishia shuka hivi.

Atupele. Atupele. Atupele.

Jumanne, 15 Julai

Amelala. Anapumua vizuri, nimeweka mkono.

Daktari kasema damu ilitoka nyingi. Ya baba yake ilikuwa imeandaliwa, haikuhitajika. Kasema angekuja na ile damu ya Juni, leo tungekuwa tunaongea mengine. 

Mtoto wa kike. Mzito, ana sauti. Paji la uso ni langu, wodi nzima wameliona, sijawalazimisha.

Kesho tunarudi nyumbani. Mama mkwe kapiga tena. Safari hii akasema, "Ndaga, mkwe wangu." Asante tu, kwa Kinyakyusa. 

Nje ukungu umeondoka, kumekucha. Mumewe, wakwe wa Mbeya, kwaya, na wanangu wengine wanne. Wote wanakuja Jumamosi kumwona mtoto.