Sufu ya Itto na Maji Meusi ya Zeituni

Kiwandani, 4 Novemba

Mama yangu Yamna,

Nabusu mkono wako, halafu kichwa, halafu mkono tena. Magoti yanasemaje? Yule mbuzi mkorofi bado yu hai? Mimi mzima kama chuma, na bahati imenivamia kama jamaa wenye njaa. Keti kwanza. Kampuni imenifanya Mkubwa wa Mazingira! Mimi, niliyefukuzwa na mwalimu wa hesabu! Nina kofia ya kijani, na ofisi yenye dirisha la kutazama maji.

Wateja wa Ulaya wamesema hawanunui tena mafuta ya zeituni kwa kampuni inayoua mito. Basi tumechimba bwawa, tukalitandika plastiki, na yale maji meusi yanayobaki tukikamua zeituni yatakaukia humo juani. Mtoni haliingii hata tone. Kwa hiyo sufu ya godoro la harusi ya dada Itto ioshe hapo hapo mtoni chini ya nyumba, kama enzi za bibi. Usihangaike na punda hadi chemchemi ya juu. Mkubwa amesema.

Mwanao,
Buazza

Kijijini, 15 Novemba

Maini yangu Buazza,

Hujambo? Unakula? Mimi nasema, dada yako Itto anaandika, ila anacheka kuliko anavyoandika. Sisi wazima. Mbuzi naye mzima, kala mkeka wa jirani.

Nimempa huyo jirani, Tuda, habari zako. Kasema, "Buazza, mkubwa? Si yule aliyempanda punda akitazama mkia?" Nikamwambia, "Huyo huyo, na kofia anayo." Yeye sufu yake kaipeleka chemchemini. Mimi naosha mtoni Alhamisi ijayo. Mama mkwe wa Itto, unamjua, hufumua pindo la godoro mbele za watu aone weupe. Ikitoka rangi ya chai, tutaimbwa harusi nzima. Na sufu nyingine hatuna, kondoo waliobaki wote weusi.

Nakutegemea wewe.

Mama yako

Kiwandani, 29 Novemba

Mama,

Nabusu mkono uliochoka kupiga sufu. Imetokaje? Nijibu upesi, tangu Alhamisi ile ya kuosha chakula hakipiti. Mimi, chakula hakipiti!

Mizeituni mwaka huu imezaa kwa fujo, mvua ikaongeza yake, bwawa likajaa hadi ukingoni. Msimamizi akasema, "Tuyafungulie kidogo mtoni, nani ataona?" Nikavuta kofia, nikaamuru: "Zima mitambo!" Ikazimwa. Walitetemeka, Mama, ungewahurumia.

Mwanao, Mkubwa

Kijijini, 6 Desemba

Maini yangu,

Mzima? Umeanza kula? Sufu nyeupe! Tuda kaichambua mara mbili akitafuta doa, akaondoka bila kuaga. Maji yalikuwa safi hata nikaona vidole vyangu vya miguu humo ndani, sijaviona mtoni tangu niolewe. Nikapiga vigelegele peke yangu kama mwehu.

Ijumaa nakuja kwako na sahani ya kuskusi. Tuda naye anakuja, anataka kuiona hiyo ofisi.

Mama yako

Kaka, hapa ni mimi Itto. Shati ulilotuma tulifue lilinuka maji meusi mpaka mbuzi akalikataa. Siku hizi wakubwa wananuka hivyo?

Kiwandani, 9 Desemba

Mama,

Leo nabusu miguu, mkono sistahili. Nafurahi sufu ni nyeupe. Nimekula sahani mbili.

Lakini sikuamuru mtu. Msimamizi alipokuja kufungua koki ya mtoni, niliikalia. Nikalikumbatia gurudumu lake la kufungulia nikilia kama mtoto: "Mama yangu yuko huko chini anaosha sufu!" Wanaume wawili wakanivuta wakashindwa, uzito huu si umeulea wewe? Kelele zikamtoa mkurugenzi. Akauliza, "Mama yako yuko wapi?" Nikamwonyesha bondeni. Akatazama huko, akatazama bango letu jipya la kijani la kuahidi mto safi pale langoni, akaenda kuzima mitambo mwenyewe. Sasa wanachimba bwawa la pili. Msimamizi hanisemeshi.

Kuskusi lete. Tuda naye mlete, nitafanyaje? Ila mkifika langoni msiulize ofisi ya mkubwa, mtachekwa. Ulizeni mlinzi wa bwawa. Kofia ya kijani tumegawiwa wote, hata mpishi anayo. Ofisi ni kibanda, na dirisha ni ubao uliong'oka.

Nilikudanganya, Mama. Sikuwa mkubwa hata siku moja.

Mwanao,
Buazza