Seli Tatu Zilizobaki

Nzuguni,
Dodoma.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Kuluthumu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Mtwara ukiwa mzima, na goti lako limepata nafuu. Sisi tunapumua. Idi tulikula vizuri, ila baridi ya Dodoma unaijua mwenyewe: upepo wa Juni unapenya hadi ndani ya blanketi.

Nimekupigia simu mara kadhaa wiki hii. Kila ukipokea naishia kuuliza bei ya korosho. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Nina hofu, Shangazi, tena hofu ya kunikosesha chakula.

Mjukuu wako, binti yangu Ikram, amefikisha mwaka. Tangu baridi ianze, vidole vyake vya mikono na miguu vinavimba, na ukivigusa analia mpaka anakosa pumzi. Mama mkwe anasema ni meno. Zahanati walimpima malaria, hakuna.

Unajua pale maabara ya chuo tunapiga picha za seli kwa leza. Mwanga unapita kwenye tone la damu, kompyuta inanasa jinsi ulivyotawanyika, kisha inajenga upya umbo la kila seli, hata unene wake. Hiyo ndiyo holografia. Ubaya wake ni chenga. Picha inajaa madoadoa kama televisheni ya zamani iliyokosa mawimbi, na kazi yangu ya kila siku ni kuyapunguza. Basi nikamtoboa Ikram kidole, nikaenda na tone lake.

Picha ilitoka chenga tupu, na katikati yake niliona kama vitu vilivyopinda. Niliogopa. Badala ya kupiga nyingine, nikampelekea Mudrick kwenye studio yake ya picha, Majengo. Mume wangu unamjua kwa kazi hiyo: bibi harusi akija na chunusi, anaondoka na uso kama yai. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kudai kovu lake. Akailainisha, seli zote zikawa duara. Tukacheka, tukanunua chipsi kuku. Akaiweka kwenye simu, anawaonyesha wateja damu ya binti yake.

Angelina, mwenzangu wa maabara, alipoiona hakucheka.

"Hapa hamjapunguza chenga, mmepaka rangi," akasema. "Turudie, tena tupige nyingi."

Jana nikamtoboa mtoto tena. Kwenye njia ya leza tuliweka kioo chenye ukungu, tukakizungusha kidogo kabla ya kila picha. Kioo kikizunguka chenga zinahama, lakini seli haihami. Ukizijumlisha picha zote na kutafuta wastani wake, chenga zinafifia zenyewe, kinabaki kilichopo kweli. Nilikaa nikiyatazama yale madoadoa yanavyoisha, namwomba Mungu kila kitu kiishe pamoja nayo. Zilibaki seli tatu, zimepinda kama mundu.

Mashine yetu ni ya utafiti, si ya kutolea majibu. Jumatatu nampeleka hospitali wapime kama ni selimundu. Lakini nimesoma kwamba mtoto huupata ugonjwa huo akirithi kwa baba na kwa mama, wote wawili, na kwa upande wetu nikamkumbuka marehemu mwanao Abbasi. Baba tukimuuliza Abbasi aliugua nini, husema ni homa, halafu anatoka nje.

Nisamehe kwa kukutonesha. Je, alikuwa akivimba vidole? Alikuwa akilia hivi wakati wa baridi? Kuna kitu mlimfanyia kikampa nafuu? Niambie, hata kama jibu litanivunja. Mudrick bado hajui. Jana nilimkuta anamwonyesha mtu ile picha aliyoilainisha.

Nisalimie dada Asma na watoto wake. Baba anakusalimu, ingawa hajui ninachokuandikia.

Mwenyezi Mungu akupe afya, na atuachie huyu mdogo.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,
Sabrina

Shangazi, nimeifungua tena bahasha. Ikram ameamka ana homa kali, na weupe wa macho yake umekuwa njano. Sisubiri Jumatatu. Mudrick ametoka kutafuta bajaji, anadhani tunafuata dawa ya homa ya kuota meno. Akirudi itabidi nimwambie.