Abiria wa Pili

Jumatatu, 4 Machi

Hili sijawahi kumwambia mtu: nafurahi sakiti ikikosea. Ikikosea, mwanafunzi mwenzangu tunayemwita Injinia anavuta kiti na kuniuliza, "Kamusi, tatizo liko wapi?" Ikiwa nzima, hana haja na mimi.

Yeye ndiye mbunifu wa sakiti inayoendesha lifti ya maonyesho ya shule — modeli ya ghorofa tatu, yenye mlango wa bati. Mimi naandika programu ya kuipima ndani ya kompyuta kabla haijaungwa waya hata mmoja. Programu yangu inajifanya abiria. Inabonyeza vitufe ovyoovyo, halafu inaangalia lifti itafanya nini. Nimeweka humo na mlinzi: mlango ukiwa wazi wakati lifti inasogea, apige kelele.

Leo kapiga! Mlango ulikuwa hausubiri lifti isimame. Injinia alikaa karibu yangu mpaka kengele ya kwenda nyumbani, tukatafuta wote. Alipoliona kosa alijicheka mwenyewe. Kanimegea na biskuti yake. Siku nzuri sana.

Jumatano, 6 Machi

Imepita. Skrini nzima: sawa, sawa, sawa. Injinia kanipiga begani na kukimbilia uwanjani. Nimebaki na feni.

Nikadhani labda mlinzi kalala. Nikaiharibu sakiti makusudi, nikaendesha tena — kelele papo hapo. Yu macho. Basi lifti ni nzima kweli. Nikairudisha ilivyokuwa, nikazima taa.

Mama kaniuliza leo nilikuwa na nani. Nimesema wenzangu.

Alhamisi, 7 Machi

Injinia kapita koridoni na kundi lake. Kaninyooshea dole gumba. Ni hayo tu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetumwa kumrudishia shangazi pasi yake. Anakaa ghorofa ya sita. Kwenye lifti niliingia na jirani yake na watoto wake wawili, kaka na dada, wanavutana mashati.

"Leo nabonyeza mimi!"

"Jana si ulibonyeza wewe? We mroho!"

Wakabonyeza wote kwa mpigo, dada sita, kaka tatu kwa ukorofi tu. Mama yao kaniangalia kwa aibu, kasema eti hawa wawili watamzeesha kabla ya wakati.

Nimeganda pale na pasi mkononi. Nikapitiliza mpaka ghorofa ya nane.

Abiria wangu ni mmoja! Programu yangu inabonyeza, inasubiri lifti ifike, ndipo inabonyeza tena. Siku zote hizi nimekuwa nikipima lifti ya jengo linalokaliwa na mtu mmoja. Na sikuona ajabu yoyote. Niliona ndivyo watu wanavyoishi.

Shangazi kauliza mbona kimya. Nikamwambia nawaza hesabu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeongeza abiria wa pili. Hamsubiri wa kwanza, kila mmoja ana saa yake. Nimeiambia programu ichapishe na mbegu, yaani ile namba inayoamua mpangilio wa kubonyeza ovyoovyo, ili balaa likitokea niweze kulirudia lilelile.

Limetokea. Wakibonyeza wote ndani ya pigo moja la saa ya sakiti, yaani sawia kama wale watoto, lifti inaondoka mlango ukiwa wazi. Mbegu ileile tena: wazi. Nimefuata mistari ya ishara za umeme kwenye skrini nikirudi nyuma pigo kwa pigo, mpaka pale mambo yalipoharibika. Maombi mawili, na sakiti ina nafasi ya kukumbuka moja tu. Kosa si la programu yangu.

Nimehakiki na kuhakiki. Mlinzi alipopiga kelele, moyo wangu uliruka kwa furaha. Sasa sijiamini. Nimelikuta, au nimelitafuta ili kile kiti kivutwe tena?

Jumanne, 12 Machi

Nimemwambia wakati wa mapumziko, nyuma ya maabara. Maonyesho ni kesho kutwa.

"Aa, Kamusi bwana! Nani na nani watabonyeza sawia hivyo?"

Nikasema watoto. Wale wa shule ya msingi wanaoalikwa. Watagombania vitufe, na watatia vidole mlangoni.

"Au umekosa kazi ya kufanya?" kasema. Hilo swali nimeshajiuliza mwenyewe.

Nikamwonyesha mistari. Kaitazama muda mrefu. Hakucheka. Kisha kaanza kuongea chinichini. Eti kubuni upya hatutawahi. Mwalimu wa fizikia akijua ataiondoa kabisa, na baba yake kaomba ruhusa kazini aje kuiona. "Nyamaza mpaka yaishe. Halafu tutaitengeneza vizuri, mimi na wewe. Kila siku baada ya masomo, muhula mzima ukitaka."

Kila siku! Sijui kama anajua alichonipa. Labda anajua.

Nimesema sawa.

Masomo yakaisha. Nikafika getini na begi langu. Nikasimama. Nikawaza kidole cha yule dada mdogo wa kwenye lifti, kile alichobonyezea sita. Nikarudi.

Mwalimu wa fizikia alikuwa anajiandaa kufunga ofisi. Nikasema naomba dakika moja, mwalimu. Kasogeza chai yake, nikaweka kompyuta mezani, nikaendesha. Kaangalia mlango ukibaki wazi, mara ya kwanza, mara ya pili. Kavua miwani.

"Mwenzako anajua?"

Nikasema anajua. Nikasema pia kwamba sakiti ni yake, kwamba ameibuni vizuri kuliko mtu yeyote hapa, na kwamba nisingependa tuiongelee bila yeye kuwepo. Sijawahi kumwambia mwalimu maneno mengi namna ile.

"Basi kamwite," kasema. "Tuone kama kuna la kufanya."

Nikaenda uwanjani. Walikuwa katikati ya mechi. Nikasimama kwenye mstari, nikamwita. Wengine waligeuka, yeye hakugeuka, ingawa nadhani alisikia. Nikaingia ndani ya uwanja, mpira ukinipita miguuni, nikamwita tena.